Kabla ya Kuchonga Kichwa cha Injini

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii nimeifikiria sana tangu siku niliyoketi chini ya mwembe huko Nanighi, ukingoni mwa Mto Tana, nikiwasikiliza mafundi wawili wakibishana juu ya kichwa cha injini ya pampu. Nilikuwa nimefika huko kwa shughuli zangu za kawaida, yaani kukusanya maneno ya lugha za wakazi wa mto, wala sikutarajia kwamba somo kubwa la safari ile lingetoka katika kipande cha chuma kilichopakaa masizi.

Mwenye pampu alikuwa mama mmoja mkulima wa vitunguu. Shamba lake lilikuwa limebakiza wiki tatu tu livunwe. Pampu ilikuwa inawaka, lakini ilitoa moshi mweusi na maji yalifika mferejini kwa unyonge. Fundi wa kwanza, mzee wa makamo, alishika tupa mkononi. Rai yake ilikuwa kwamba njia za hewa ndani ya kichwa cha silinda ni nyembamba, kwa hiyo zichongwe na kupanuliwa ili injini ivute pumzi. Fundi wa pili, kijana aliyepata kufanya kazi katika gereji za Garissa, alicheka.

"Mzee wangu," alisema, "hiyo tupa itatuchelewesha. Kuna hedi ya injini kubwa kuliko hii, imetoka kiwandani na njia pana. Tuilete, tuifunge, mama amwagilie maji."

"Hedi ya kununuliwa inataka pesa," mzee alimjibu. "Tupa yangu haili pesa, mwanangu. Inakula jasho tu."

Mama alinigeukia. "Mwalimu, wewe umesoma. Tumsikilize nani?"

Nakiri kwamba sikuwa na jibu. Shahada yangu ya uzamifu ni ya isimu, wala si ya mitambo. Lakini swali lile lilinikaa rohoni, nami tangu hapo nimelitafutia jibu kwa mafundi, kwa walimu wa ufundi na katika vitabu. Leo ningependa kulijibu hadharani, kwa sababu naamini kwamba linawahusu walimu na wanafunzi wetu zaidi ya linavyomhusu mama yule peke yake.

Tuanze kwa kuelewa kinachobishaniwa. Kichwa cha silinda, ambacho mafundi wetu hukiita hedi, ni kifuniko kizito kinachokaa juu ya silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka. Ndani yake mna njia ya kuingizia hewa na njia ya kutolea moshi, na katika kila njia pana vali inayofunguka na kufunga kwa zamu. Hewa nyingi ikiingia kwa wepesi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua barabara, na nguvu huongezeka. Ndiyo maana watu wanaopenda mbio za magari wameshughulikia vichwa hivi kwa miaka mingi. Wapo wanaochukua kichwa walicho nacho na kukichonga ndani. Wapo pia wanaotafuta kichwa kingine bora, kilichotengenezwa na kiwanda chenyewe kwa injini ya ukoo ule ule, na kukibadilisha.

Hoja ya wachongaji si ya kupuuzwa. Kichwa kinachotoka kiwandani kimemiminwa kwa wingi, na mara nyingi huwa na vinundu, kingo na mipindo isiyo laini. Mchongaji hodari huondoa kingo iliyo chini ya kiti cha vali, hulainisha mpindo ambapo hewa hugeuka kuelekea silindani, na hulinganisha mdomo wa njia na tundu la gasketi. Akifanya hivyo kwa vipimo, injini hupata nguvu ambayo haikuwapo. Lakini tulitilie mkazo neno hilo: vipimo. Mchongaji wa kweli huwa na chombo cha kupimia kiasi cha hewa kinachopita katika kila njia, hupima kabla na baada ya kuchonga, na hujua mahali pa kuacha.

Kwa nini aache? Kwa sababu upana si kila kitu. Hewa ni kama maji ya mfereji. Mfereji ukipanuliwa mno bila maji kuongezwa, maji hupunguza mwendo, na tope huanza kutuama. Njia ya hewa ikipanuliwa kupita kiasi, mwendo wa hewa hupungua, hasa injini inapozunguka polepole, na injini hupoteza nguvu pale pale inapohitajika. Gari la mbio ambalo huzunguka kwa kasi kubwa muda wote huenda likafaidika. Lori lenye shehena mlimani, au pampu inayozunguka kwa mwendo mmoja tangu asubuhi hadi magharibi, halitafaidika. Isitoshe, nyuma ya ukuta wa njia hizo hupita maji ya kupoza injini. Ukuta ukitoboka, kichwa kizima huwa kimekwisha.

Hoja ya wabadilishaji nayo ina uzito wake. Kiwanda kina wahandisi, maabara na mashine ambazo fundi wa kando ya barabara hana. Kiwanda kikitengeneza kichwa bora kwa injini fulani, kimekwisha kulipia makosa yote ya majaribio. Tutazame mfano unaojulikana na madereva wengi wa Afrika Mashariki. Toyota ilitengeneza injini mbili za ukoo mmoja, 4A-GE na 4A-FE, zote zenye ujazo wa sentimita 1,587 na vali kumi na sita. Hata hivyo, vichwa vyake havifanani: cha kwanza kilikusudiwa mwendo na nguvu, na cha pili kilikusudiwa matumizi madogo ya mafuta. Tofauti kubwa ya tabia za injini hizo mbili imo kichwani. Hakuna tupa itakayomfikisha mtu kutoka kichwa cha pili hadi cha kwanza.

Historia ya mashindano ya magari inaunga mkono hoja hii. Huko Uingereza, Mike Costin na Keith Duckworth walianzisha kampuni ya Cosworth mwaka 1958, nao walijipatia sifa za mwanzo kwa kuziboresha injini ndogo za Ford. Lakini walipotaka kupiga hatua kubwa, hawakuendelea kukikwangua kichwa cha zamani. Waliibakiza bloku ya Ford na kuitengenezea kichwa kipya chenye vali nne kwa kila silinda. Injini ya namna hiyo, iliyoitwa BDA, ilitokea mwaka 1969, na ndiyo iliyokuwa ndani ya Ford Escort RS1800 aliyoiendesha Björn Waldegård alipoibuka mshindi wa Safari Rally mwaka 1977 hapa kwetu Kenya.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba kubadilisha ni njia ya mkato. Kichwa kigeni kinaweza kukaa vizuri juu ya bloku, bolti zikaingia zote, na bado kikawa balaa. Chumba cha kuwashia mafuta kikiwa kikubwa kuliko cha kwanza, mgandamizo hupungua. Katika injini ya petroli hilo hupunguza nguvu. Katika injini ya dizeli hilo ni msiba, kwa maana dizeli haiwashwi na cheche. Huwashwa na joto la hewa iliyobanwa mno. Mgandamizo ukipungua kupita kiasi, injini haiwaki kabisa asubuhi. Vali nazo zaweza kugonga pistoni, tundu za maji zikakosa kulingana, au gasketi ikaungua baada ya siku mbili. Ndiyo maana wahenga wakatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa nirudi Nanighi. Siku ile mzee alishinda, kwa kuwa tupa yake haikuhitaji nauli ya Garissa. Alichonga jioni ile na asubuhi iliyofuata. Kichwa kile kilikuwa kimekwisha kuliwa na kutu kutokana na miaka mingi ya kupozwa kwa maji ya mto yenye matope, na ukuta wake ulikuwa umebaki mwembamba kama ganda la yai bila yeyote kujua. Siku ya pili tupa ilitoboa. Kijana naye akapata nafasi yake. Alileta hedi aliyoisifu, ikafungwa, na bolti zote zikaingia. Injini ilizungushwa kwa mkono hadi watu wakatoka jasho, wala haikuwaka. Chumba chake cha kuwashia kilikuwa kikubwa mno kwa pistoni ile.

Siku ya kumi na moja ndipo alipopita fundi wa tatu, aliyekuwa safarini kwenda Hola. Yeye hakuanza na tupa, wala hakuanza na duka la vipuri. Alianza kwa kuuliza. Moshi ulikuwa wa rangi gani? Ulianza lini? Chujio la hewa lilisafishwa lini mara ya mwisho? Alifungua chujio, na humo mlikuwa na vumbi lililogandamana kama tofali. Aliitoa nozeli ya dizeli, nayo ilikuwa ikidondoka badala ya kunyunyiza. Kikanunuliwa kichwa cha aina ile ile ya kwanza, chujio likasafishwa, nozeli ikabadilishwa, na pampu ikanguruma kama siku ilipotoka dukani. Lakini nusu ya vitunguu vya mama ilikuwa imekwisha kukauka.

Alhasili, mabishano yote ya tupa na hedi yalikuwa juu ya ugonjwa ambao haukuwako. Hata kama mzee angechonga bila kutoboa, nguvu isingeongezeka. Katika injini ya dizeli ya pampu, kiasi cha mafuta hupimwa na pampu ya dizeli, na mwendo hushikwa na gavana. Njia ya hewa iliyopanuliwa isingeyaongeza mafuta hata tone moja. Moshi mweusi ulikuwa ukilalamika kwamba hewa haifiki na mafuta hayanyunyizwi. Ulikuwa ukisema ukweli, ila hakuna aliyeuelewa usemi wake.

Hapa ndipo isimu inapoingia, na hapa ndipo palipo na kiini cha makala haya. Nilipomdadisi mama baadaye, nilibaini kwamba kosa lilianza kwa neno moja. Kabla ya mafundi kuitwa, alikuwa amempigia simu mwenye duka aliyemuuzia pampu, naye alimwambia hivi: "Mwambie fundi afungue njia ya hewa." Mwenye duka alikusudia kwamba chujio lizibuliwe. Mama alifikisha maneno yale yale kwa uaminifu. Mzee aliyasikia na kuelewa kwamba njia ya hewa ipanuliwe. Kufungua, katika usemi wa gereji zetu, ni kuzibua, ni kulegeza bolti, ni kubomoa injini nzima, na ni kupanua. Neno moja lilibeba kazi nne, na shamba likalipa gharama.

Msomaji ataniuliza: je, tatizo si umaskini wa Kiswahili? La, hasha. Kiswahili kina neno kuzibua, kina kulegeza, kina kupanua, kina kulainisha. Kilichokosekana ni mazoea ya kuyatumia kwa kuyatofautisha. Vijana wetu wanaojifunza ufundi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha hurudi katika gereji na mashamba ambako kazi yote huzungumzwa kwa Kiswahili na lugha za mama. Wanaposhindwa kuifikisha elimu ile upande wa pili, hubaki na maneno mawili matatu ya kuazima na ishara za mikono. Elimu iliyomo kitabuni haivuki mto.

Katika jambo hili, wanaisimu nasi tumekuwa na ugomvi wetu wa tupa na hedi. Wapo wanaoshikilia kwamba kila istilahi ichongwe kutoka katika mzizi wa Kibantu au wa Kiarabu, hata kama itachukua miaka kumi na hakuna fundi atakayeitamka. Wapo wanaotaka tuchukue neno la Kiingereza lilivyo na kulifunga kwa bolti katika sentensi yetu. Nadhani kila upande una lake la kujifunza kutoka Nanighi. Neno hedi limekwisha kukaa. Limepata sauti ya Kiswahili na linaeleweka kutoka Lamu hadi Lodwar. Kulikwangua ili tulibadilishe ni kupoteza wakati. Lakini mahali ambapo tunalo neno letu lenye maana bayana, kama vile kuzibua, kuleta la kigeni ni kufunga kichwa kisicholingana na pistoni.

Wakazi wa mto huo huo wametuonyesha kwamba kuazima si aibu wala si maangamizi. Kiilwana, lugha ya Kibantu ya jamii iitwayo pia Wamalakote, imeishi karne nyingi jirani na Kiorma na lugha nyingine za Kikushi, na imechukua kutoka kwao si maneno tu bali hata sauti na viungo vya sarufi. Bado ni lugha kamili yenye utaratibu wake. Kilichochukuliwa kiliingia kwa sababu kilitumika kila siku malishoni, mtoni na sokoni. Istilahi nazo hukaa kwa njia hiyo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na hiyo ilikuwa kazi ya kupongezwa. Lakini kamusi ni kipuri kilichomo dukani. Mpaka mwalimu akifunge katika somo na fundi akipige moto, hakijawa kitu.

Aidha, jina la Nanighi lina historia ndefu kuliko pampu ya mama yule. Hapo ndipo mashine kubwa za dizeli zilipowekwa kuvuta maji ya Tana kwa ajili ya mradi wa unyunyizaji wa Bura, ambao ulianza kupokea wakulima mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa fedha za serikali, Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Ilikusudiwa kwamba ekari kwa maelfu zilimwe pamba na mahindi. Mradi ulifikia sehemu tu ya eneo lililopangwa, na kuharibika kwa mashine za Nanighi kukawa miongoni mwa mambo yaliyowatesa wakulima kwa miaka mingi. Mashine zikisimama, mimea hukauka katika jua lisilo na huruma. Kila mara swali lililoulizwa lilikuwa lile lile: tutengeneze hizi, au tulete nyingine? Miaka mingi ilipita kabla ya kazi ya mfereji wa kuleta maji kwa mteremko, bila dizeli, kuanza. Huenda swali sahihi tangu mwanzo halikuwa injini ipi, bali kama injini ilihitajika.

Basi, nimejibu swali la mama? Naam, na jibu langu ni hili. Kwanza, uulizwe ugonjwa. Chujio, nozeli, vali zisizofunga sawasawa, gasketi iliyoungua: hayo yatazamwe kabla ya chuma chochote kuguswa. Pili, ikithibitika kwamba kichwa ndicho kibaya au hakitoshi, kitafutwe kizuri cha kiwanda kinacholingana, na kulingana kupimwe kwa kipimo, si kwa macho. Mtu wa kawaida, mwenye pampu, matatu au trekta, njia hii itamfaa kuliko tupa. Tatu, kuchonga kubaki kazi ya mwisho, na ya yule tu anayeweza kupima kabla na baada. Mwenye mkono hodari lakini hana kipimo, na alainishe vinundu tu, asipanue.

Sisemi haya kwa kumdharau mzee mwenye tupa. Nilimwona akikipapasa kichwa kile kwa kidole na kutambua nundu ambayo mimi nisingeiona kwa miwani. Ujuzi ule ni mali. Kosa si lake peke yake. Ni letu sisi tuliosoma, tulioficha vipimo ndani ya lugha asiyoisoma, kisha tukamcheka alipokisia.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wenzangu, wa Kiswahili na wa ufundi pia. Siku moja katika muhula, acheni insha za "Safari Niliyoifurahia" na "Ajali Niliyoiona". Mpelekeni mwanafunzi katika gereji iliyo karibu, amtazame fundi akifanya kazi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha aandike maelezo ya kazi ile kwa Kiswahili ambacho mtu mwingine anaweza kukifuata bila kuharibu kitu. Aandike kuzibua pale palipozibuliwa na kupanua pale palipopanuliwa. Kisha maelezo yale yarudishwe kwa fundi, ayasikilize na kuyasahihisha. Mwanafunzi atakuwa amejifunza lugha, na fundi atakuwa amepata kitabu chake cha kwanza.

Mchagua jembe si mkulima, ni kweli. Lakini mkulima asiyeweza kumweleza mhunzi jembe lake lina kasoro gani, atarudishiwa mundu. Mama wa Nanighi alipanda tena. Nilipoagana naye aliniambia kwamba siku hizi, fundi yeyote akifika, kabla hajafungua mkoba wake wa vifaa, humtaka aseme kwanza anakwenda kufanya nini, na kwa neno gani.